KUHARISHA KWA WATOTO NI KAZI YA NYUMBA NZIMA
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Mtoto akiharisha tunamwuliza mama: "Umemlisha nini?" Leo nawauliza akina baba nao.

Siku ya gulio Tengeru mama anaondoka asubuhi na ndizi zake. Mdogo anabaki na dada yake wa miaka saba. Uji wa alfajiri unanywewa mchana, umepoa, nzi wameshatua. Maji yamechotwa mfereji uleule wanaonywea ng'ombe. Choo hakina mfuniko, au hakipo kabisa. Je, hapo kosa ni la mama peke yake?

Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilihimiza kila nyumba iwe na choo. Kuchimba ni kazi ya baba. Kuni za kuchemshia maji, sabuni, nauli ya zahanati, vyote vinataka pesa, na pesa ya kahawa anashika baba.

Bibi naye asiseme "ni meno tu." Wala mtoto asing'olewe yale yanayoitwa meno ya plastiki.

Akiharisha, azidi kunyonya, wala asinyimwe chakula. Pakiti ya chumvichumvi ikorogwe katika lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Zahanati itampa na vidonge vya zinki. Akilegea, macho yakididimia, au akiharisha damu, mama asingoje ruhusa: ampeleke sikuileile.

Asiye na choo aanze kuchimba wiki hii. Jirani amsaidie.