Mgonjwa wa Nje Anapoulizwa, "Je, Umeridhika?"

Somo letu la leo lahusu mtu anayetibiwa saratani huku analala nyumbani kwake, au kwa ndugu zake. Hospitalini huitwa mgonjwa wa nje.

Wengi hudhani kuwa saratani ni kulazwa tu. Sivyo. Pale Ocean Road, Dar es Salaam, katika hospitali iliyojengwa zamani za Wajerumani na kufanywa Taasisi ya Saratani mwaka 1996, wako wagonjwa wanaokuja kupata mionzi na kurudi walikotoka siku ile ile. Mionzi yenyewe huchukua dakika chache, wala haiumi inapopigwa. Lakini mara nyingi hutolewa siku tano kwa juma, kwa majuma kadhaa. Kwa hiyo, popote atibiwapo, mgonjwa hukumbuka zaidi mambo mengine: benchi, nauli, na jinsi karani alivyomwita jina.

Sasa mwulize, "Huduma ikoje?" Atajibu, "Nzuri tu, namshukuru Mungu." Ni adabu njema, na mimi naipenda kwenye karamu. Hospitalini haimfai mtu. Mama mwenye saratani ya mlango wa kizazi huweza kuharisha katikati ya tiba. Kama hakuelezwa mapema, huona kwamba mionzi inamwua, akaondoka kimya. Siku anazokosa huupa uvimbe nafasi ya kukua tena, na kupona kukawa kugumu. Angeuliza, angeambiwa kwamba mionzi hugusa na matumbo, na kwamba dawa ya kutuliza ipo.

Basi muuguzi akikuuliza kama umeridhika, usijibu kwa neno moja. Sema, "Nilifika saa kumi na mbili asubuhi, nikaonwa saa nane mchana, na hakuna aliyenieleza sababu." Huko si kugomba. Na ukitendewa vema, litaje lile lililokupendeza, wapate kulifanya tena.

Haya, chukua daftari. Andika maswali ya kumwuliza daktari: "Nitakuja siku ngapi? Mwili wangu utageukaje? Nikipatwa na shida usiku, niende wapi?" Acha mstari mtupu chini ya kila swali, ujaze jibu ukiwa pale pale. Ambaye mkono wake bado mzito kuandika, amwombe jirani yake hapo darasani.

Juma lijalo tutasoma kadi ya kliniki. Kwaherini.