Sahani Ndogo Mezani Kwetu

Leo twataka kunena juu ya jambo ambalo zamani halikusemwa kanisani, maana halikuwapo kwetu. Ni maisha ya ndugu aliyepasuliwa tumbo ili apunguze unene, hasa ile miezi inayofuata, wakati jeraha limekwisha kufunga na watu wameacha kuja kumpa pole.

Huenda mtu akauliza, "Hayo si mambo ya matajiri wa mjini?" Sivyo. Uchunguzi wa afya uliofanywa Kenya mwaka 2014 ulionyesha ya kwamba katika wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49, mmoja kati ya kila watatu alikuwa na uzito uliozidi kipimo. Walio wengi hawahitaji kisu. Lakini wako ambao uzito umewaletea kisukari, shinikizo la damu, magoti yanayokataa kupanda ngazi, na pumzi inayokatika usingizini. Baadhi ya hao hupasuliwa, wengine hapa nchini, wengine India. Kisha hurudi kwetu. Huketi pamoja nasi kanisani, na hula mezani kwetu. Basi yatupasa tujue jinsi ya kuishi nao.

Kwanza tuelewe kazi ya daktari. Njia mbili ndizo zinazotumika sana siku hizi. Katika njia moja daktari huondoa karibu sehemu nne katika tano za mfuko wa tumbo, akabakiza mfereji mwembamba kama ndizi. Katika njia nyingine hutenga kifuko kidogo upande wa juu wa tumbo, ambacho hujaa kwa vijiko viwili tu vya kulia, akakiunganisha na utumbo mwembamba, hata chakula kikapita njia fupi. Njia hii ya pili ilianza Marekani mwaka 1966, kwa kazi ya madaktari Edward Mason na Chikashi Ito wa Chuo Kikuu cha Iowa.

Tena si ukubwa wa mfuko tu unaobadilika. Mwili una homoni ziletazo njaa na shibe, na upasuaji huzibadilisha hizo pia. Mtu aliyepungua kwa kujinyima tu hupigana na mwili wake mwenyewe, maana mwili humwongezea njaa ili arudi kwenye uzito wa kwanza. Kwa sababu hii twawasihi wale wasemao, "Angalikuwa na kiasi, asingalipasuliwa," wafunge vinywa vyao. Hatumwambii avaaye miwani ya kuwa hakuomba vya kutosha. Wala hatumwambii anywaye dawa ya presha ya kuwa imani yake ni haba. Mbona huyu tumhukumu?

Lakini jambo kubwa tunalotaka kulisema leo ni hili: daktari humaliza kazi yake kwa saa chache, bali mgonjwa na jamaa zake huanza kazi yao siku ile arudipo nyumbani. Kisu hufungua mlango tu. Kutembea ni kazi ya kila siku, na hakuna awezaye kutembea vema huku wenzake wakimvuta nyuma.

Tazameni jinsi miezi hiyo ilivyo. Katika wiki za kwanza mtu hunywa vitu vyepesi tu, kama maji, supu iliyochujwa na maziwa, tonge dogo dogo la koo. Kisha huendelea na vyakula vilivyopondwa, halafu vilivyo laini kama yai na samaki. Yapata mwezi wa pili ndipo hurudia chakula cha kawaida, naye hula kidogo kidogo. Hufundishwa kutafuna sana, kula polepole, na kuacha mara tu anapohisi kushiba. Hufundishwa asinywe chochote pamoja na chakula, bali angoje kama nusu saa. Hufundishwa kuanza na protini, yaani mayai, samaki, kuku, maharagwe, ndengu na maziwa, ili apate gramu 60 au zaidi kila siku. Ugali, chapati na wali huja nyuma, nafasi ikibaki. Mandazi, soda na chai yenye sukari nyingi vyaweza kumfanya atokwe na jasho, moyo umpige mbio, tumbo limsokote na kuhara, hasa yule ambaye utumbo wake umeunganishwa upya.

Uzito hupungua upesi mwanzoni. Kisha mzani husimama, pengine wiki mbili au tatu, na mtu akafadhaika akidhani yote yameharibika. Hayajaharibika. Mwili unapumzika, kisha utaendelea. Mnamo mwezi wa tatu au wa nne nywele huweza kukatika, mto ukajaa nywele asubuhi. Hizo nazo kwa kawaida huota tena. Ngozi ya tumbo na ya mikono huning'inia. Nguo zote humpwaya. Wengine hupata vijiwe vya nyongo, kwa sababu mwili umepungua kwa haraka, na kwa hiyo maumivu makali chini ya mbavu upande wa kulia si ya kunyamaziwa.

Hapa ndipo twafika penye hatari, nayo twaifahamu kwa kutembelea nyumba za watu. Tulikwenda kumwona mama mmoja wa chama cha akina mama, aliyekuwa katika mwezi wa tatu. Alikuwa ameacha kuja kanisani. Nyumbani mama mkwe wake, kwa upendo wa kweli, alikuwa akimpakulia sahani iliyojaa na kumwambia, "Kula, mwanangu, umeisha. Watu watasema sikulishi." Naye kwa heshima alikula, kisha akatoka nyuma ya nyumba akatapika. Ilikuwa hivyo mchana na jioni, wiki hata wiki. Huko nje nako watu walinong'ona juu ya kukonda kwake. Wakasema ana ukimwi. Akaona haya kutoka, akaona haya kueleza, na vidonge vyake vya vitamini akaviacha, kwa kuwa alivitapika pia.

Siku moja binti yake aliona ya kuwa mama anayumba akitembea, na maneno yanamchanganya. Wakamkimbiza hospitali. Ilionekana amekosa vitamini B1, ambayo mwili hauiwekei akiba kubwa, na ambayo huisha upesi kwa mtu atapikaye kila siku. Alichomwa sindano za vitamini hiyo, naye akapona. Lakini angechelewa, ingaliweza kumharibu ubongo, hata kumwua. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Nasi twaongeza, mara nyingi mwenye maradhi huyaficha kwa sababu ya ndimi zetu sisi majirani.

Je, mama mkwe yule alikuwa na chuki? La, hasha. Kwetu sisi chakula ni upendo. Mgeni akikataa kula twaona ametukataa sisi. Mtu akinenepa twasema mambo yake ni mazuri, na akikonda twasema ana shida. Desturi hizo zilitulea vema siku za njaa. Lakini mbele ya ndugu huyu, upendo haupimwi kwa sahani. Anayempenda humpakulia kijiko au viwili kwenye sahani ndogo, huketi naye bila kumharakisha, wala hamtazami mdomoni. Akisema, "Nimeshiba, asante," jibu la upendo ni, "Haya, mama, karibu tena."

Kumbukeni habari za mana jangwani, katika kitabu cha Kutoka sura ya 16. Watu waliambiwa waokote kwa kadiri ya mahitaji ya siku ile. Nyumba moja iliokota nyingi na nyingine chache, na kila mmoja alitoshelezwa. Waliojiwekea ya kesho waliikuta ina mabuu. Mungu aliwafundisha watu waliotoka utumwani kula cha leo na kumtumaini yeye kwa kesho. Ndugu aliyepasuliwa hujifunza somo hilo hilo mara tatu nne kwa siku. Sahani yake ndogo si aibu, wala si laana. Ni riziki yake ya leo, nayo yatosha.

Kuna mambo mengine ambayo jamaa na wazee wa kanisa wapaswa kuyajua. Vitamini na madini, kama B12, chuma, kalisi na vitamini D, si vya mwezi mmoja tu. Huvitumia maisha yake yote, na damu yake hupimwa kila mwaka. Basi asidharauliwe kwa kuwa "ameshapona lakini bado ananunua dawa." Dawa zake za kisukari na za presha huenda zikapunguzwa mapema, maana sukari yaweza kushuka mno, lakini apunguzaye ni daktari, si mgonjwa mwenyewe wala si mhubiri. Dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki huweza kuleta vidonda tumboni, hivyo asinunue dukani bila kuuliza. Mwanamke hushauriwa angoje mwaka mmoja hadi mwaka na nusu kabla ya kushika mimba. Tena mwili ukipungua mimba huingia kwa urahisi kuliko zamani. Mume na ajue hilo, wapange pamoja.

Pombe nayo humpanda kichwani upesi, na wengine ambao hawakuwa walevi wamekuwa walevi baada ya upasuaji. Chakula kilikuwa kimewafariji usiku wenye huzuni. Sasa faraja ile imeondolewa, na huzuni imebaki, ikitafuta mahali pengine pa kukaa. Ndiyo sababu twawaambia wachungaji wenzetu: msifurahie mwili wake mpya tu, mkasahau kuuliza habari za moyo wake. Akisema amechoka kuishi, msimwache peke yake, mpelekeni kwa daktari siku ile ile.

Na katika ibada zetu, tumsaidie. Kanisa likitangaza kufunga, huyu asifunge bila idhini ya daktari wake, wala asihesabiwe kuwa mlegevu. Anaweza kufunga kwa kunyamaza asisengenye, nayo ni saumu ngumu kuliko ya chakula. Penye Meza ya Bwana, mwenye kuogopa divai apokee mkate peke yake. Ushirika wake ni kamili. Na baada ya ibada, kwenye chai na mandazi, maji na yai la kuchemsha viwepo pia mezani. Gharama yake ni ndogo, lakini kwake yeye ni kuambiwa, "Tulikukumbuka."

Sasa twasema nawe, ndugu au dada uliyepasuliwa. Usijipime kwa mzani wa jirani. Huko Sweden watu wengi waliopasuliwa walifuatwa tangu mwaka 1987. Ilionekana ya kwamba uzito hushuka sana katika mwaka wa kwanza na wa pili, kisha hurudi kidogo. Hata hivyo, baada ya miaka kumi wale waliounganishwa utumbo walikuwa bado wamepungua kwa kadiri ya robo ya uzito wao wa kwanza. Kwa mtu aliyekuwa na kilo 120, hiyo ni kilo 30. Na habari zilizotolewa mwaka 2007 zilionyesha ya kuwa katika kundi la waliopasuliwa walikufa wachache kuliko katika kundi la wenzao wasiopasuliwa. Basi kilo chache zikirudi, usitupe kila kitu. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Rudi kliniki, mweleze mtaalamu wa lishe ukweli, na uanze tena asubuhi.

Tena hesabu maendeleo yasiyoonekana katika mzani. Je, waweza kufunga kamba za viatu? Je, umepanda ngazi bila kusimama? Je, umelala usiku bila kukoroma, ukacheza na wajukuu chini sakafuni? Hayo ndiyo uliyoyatafuta. Tembea kila siku, hata kama ni kufika kwenye lango na kurudi, kisha kesho upite lango. Haba na haba hujaza kibaba.

Wala usifiche. Si lazima utangaze mbele ya watu wote, maana mwili ni wako. Lakini chagua watu wawili watatu: yule akupikiaye, yule akuombeaye, na mmoja wa kwenda naye kliniki. Ukitapika siku mbili mfululizo, wajue. Mguu ukifa ganzi, wajue.

Nasi tulio wengi, juma hili tufanye jambo moja. Tukimwona mtu amekonda, tusiulize wengine ana nini. Tumwendee, tumsalimu kwa jina lake, tumwulize, "U hali gani?" kisha tusubiri jibu.

Tuombe. Ee Bwana uliyewalisha watu wako jangwani siku kwa siku, uwe pamoja na wote wanaojifunza upya kula na kuishi. Uwape subira mezani, nguvu safarini, na jamaa wenye huruma. Na ndimi zetu sisi uzilinde. Amina.