Njoo Pamoja na Bwana Yako na Watoto
Fundisho kwa wamama juu ya mawazo mazito na kupumzisha mwili

Mbele ya kupima watoto, tukae kidogo. Leo hatusemi juu ya kuhara wala juu ya chanjo. Tunasema juu ya mateso ambayo mizani haionyeshi: mawazo mazito.

Wewe mama unayajua. Usiku watoto wamelala, wewe unatazama paa. Moyo unadunda, shingo imekaza. Asubuhi shambani, nguvu hakuna. Mtoto akimwaga maji kidogo tu, unampiga, kisha unalia wewe mwenyewe. Unakuja hapa kuomba dawa ya kichwa. Tunakupa vidonge, na juma linalofuata unarudi na kichwa kile kile.

Si uvivu. Si lazima kuna mtu amekuloga. Tena haionyeshi kwamba imani yako ni ndogo. Mwili ukiona hatari, unajitayarisha kukimbia: moyo unapiga mbio, nyama za mwili zinakaza. Hiyo ni vizuri kama nyoka iko njiani. Lakini kama hatari haimaliziki, kama ni deni, ao vita, ao kukimbia kijiji, ao kufiwa, mwili unasahau kulegea. Hata maziwa yanaweza kukawia kutoka wakati mama ana hofu kubwa, na mtoto analia kwenye titi.

Je, mambo haya yanasaidiwa na mafundisho? Ndiyo. Mwaka 2013 walitangaza matokeo ya kazi iliyofanyika katika vijiji vya Kivu ya Kusini. Wanawake waliotendewa mabaya sana walikutana kwa vikundi, wakaongozwa na wasaidizi Wakongo ambao hawakuwa madaktari. Mateso yao yalipunguka sana, na miezi sita nyuma ya masomo walikuwa wangali vizuri. Mwaka 2020 OMS ilitoa kitabu chenye picha, kufundisha watu mazoezi ya kutuliza mawazo. Basi, hii si kazi ya mji mkubwa tu. Inaweza kufanyika chini ya mti wetu hapa.

Sasa niwaambie kosa langu. Zamani nilikuwa nafundisha wamama peke yao. Mama mmoja alijifunza vizuri kupumua polepole. Akafika nyumbani, akakaa kwenye kiti, akaanza. Bwana yake akacheka: «Sasa unapumua kama mbuzi aliyepanda mlima!» Watoto nao wakacheka. Mama akaacha. Juma lingine hakurudi.

Nilimfuata nyumbani. Sikumkaripia baba yule. Nilimuuliza tu: «Na wewe, baba, unalala?» Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema tangu walipokimbia kijiji, alikuwa halali kama hajakunywa pombe. Kumbe, mzigo ulikuwa wa wawili, na kila mtu aliuficha upande wake. Siku ya masomo walikuja wote, na mtoto wao mkubwa. Nyuma ya hapo mama alisema: «Shida zetu ziko vile vile, lakini sasa tunaziongea bila kelele.»

Ndiyo sababu leo tunaita jamaa nzima. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Tufanye zoezi moja sasa. Mwenye mtoto, mpakate.
1. Keti vizuri. Shusha mabega.
2. Weka mkono mmoja juu ya tumbo. Vuta pumzi kwa pua, polepole, ukihesabu moja, mbili, tatu. Tumbo lipande.
3. Toa pumzi polepole, usikaze. Tumbo lishuke.
4. Kunja ngumi kwa nguvu kidogo, kisha ziachilie. Inua mabega mpaka masikio, kisha yaachilie. Sikia namna mwili unalegea.

Fanyeni hivi dakika tano kila jioni, mbele ya kulala, baba, mama na watoto. Kwa watoto ni mchezo: waweke jani juu ya tumbo, walitazame likipanda na kushuka. Kisha kila mtu aseme neno moja lililomlemea siku ile. Wengine wasikilize tu. Hapana kucheka, hapana kugombeza.

Lakini sikieni vizuri: zoezi halitoshi kwa kila ugonjwa. Lete mgonjwa hospitali upesi kama anasema anataka kufa, kama mama aliyezaa anawaza kumdhuru mtoto wake, kama mtu anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, ao kama hali wala halali siku nyingi. Usimwache peke yake. Usimfunge kamba, usimfiche nyumbani. Kuna dawa, na kuna watu wa kumsikiliza. Na kama ni bwana yako anayekupiga, usingoje akubali kuja. Njoo wewe, utuambie kwa siri.

Masomo yetu ni mara tano, kila Alhamisi nyuma ya saa tisa, wakati watu wametoka shambani. Hakuna malipo. Bwana yako akikataa, usigombane naye. Mwambie hivi: «Mwuguzi anauliza kama unalala.» Wababa wengi wanakuja kwa ajili ya neno lile.

Mjane njoo na watoto wako, ao na dada, ao na jirani.

Sasa leteni karatasi za watoto, tuanze kupima.