Mgonjwa na Mwuguzi Washauriane



Jina la Olenguruone linajulikana na wengi kwa sababu ya habari za ardhi. Mnamo mwaka 1941 Serikali ya wakati ule iliwakalisha huko Wakikuyu waliokuwa wamehamishwa kutoka sehemu nyingine za Bonde la Ufa, ikawawekea masharti makali ya kulima na ya kurithisha mashamba. Watu hao hawakuulizwa shauri, nao wakakataa kuyafuata. Kufika mwaka 1950 walikuwa wamekwisha kufukuzwa, na wengine wakapelekwa Yatta penye ukame. Huenda baadhi ya masharti yale yalikuwa na faida kwa udongo, lakini mtu aliyeamriwa tu hawezi kuiona faida ambayo hakuelezwa.

Habari hiyo imetajwa kwa kuwa jambo la namna ile ile, ingawa laonekana dogo, hutokea kila siku mahali wagonjwa wanapopewa dawa. Olenguruone ya leo, katika Kaunti ya Nakuru, ni nchi ya baridi na mvua, ya majani ya chai, viazi na maziwa, nayo ina hospitali yake. Wakaao huko ni Wakipsigis, Waogiek na watu wa makabila mengine, na mara nyingi mwuguzi ametoka mbali, hana lugha ya kusema nao ila Kiswahili. Basi chukua mfano wa mzee mwenye kifua kikuu. Mwuguzi, aliye na umri wa binti yake, amwambia, “Mzee, meza vidonge hivi kila siku, usiache. Umeelewa?” Mzee ajibu, “Ndiyo, sista.” Wala hakuelewa, ila si adabu mtu mzima kumhojihoji mtoto mbele ya watu, na foleni nyuma yake ni ndefu.

Siku ya pili mkojo wake watoka mwekundu. Rifampisini, dawa kubwa ya ugonjwa huo, ndivyo ifanyavyo, wala haina madhara kwa hilo. Lakini nani alimwambia? Adhani dawa inamkata ndani, naye aiweka juu ya kabati. Au labda aendelea, na baada ya wiki chache kikohozi chapungua, nguvu zarudi, akaona amepona. Matibabu ya kawaida huchukua miezi 6. Viini vilivyobaki huweza kujizoeza dawa, na hapo ugonjwa hurudi ukiwa mgumu zaidi, nao huambukiza mke na wajukuu wanaolala katika nyumba ile ile iliyofungwa madirisha kwa baridi.

Zamani wagonjwa wa kifua kikuu walilazwa hospitalini miezi mingi. Mwaka 1959 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa mjini Madras, Bara Hindi, yaliyoonyesha kwamba mgonjwa anayetibiwa nyumbani kwa dawa hupona sawasawa na aliyelazwa. Baadaye, katika miaka ya 1970, uchunguzi uliofanywa Afrika ya Mashariki ulisaidia kuthibitisha kwamba matibabu yaweza kufupishwa hadi miezi 6. Hiyo ilikuwa baraka kubwa, lakini kazi ya kila siku ikahama kutoka mkono wa mwuguzi ikaingia mkono wa mgonjwa na jamaa zake. Mwuguzi humwona mgonjwa siku chache; siku zilizobaki mgonjwa ndiye mwuguzi wa nafsi yake.

Wauguzi wenyewe hawalielewi jambo hili kwa namna moja. Wako wanaodhani kwamba mgonjwa anayeshiriki ni yule mtiifu, asiyesumbua. Wengine hufikiri habari za jamaa wanaomwosha na kumlisha ndugu yao wodini, kama ifanyikavyo katika hospitali nyingi za Kenya. Huo ni msaada wa kweli, na aghalabu wauguzi ni wachache hata hawawezi kufanya kazi bila huo, lakini kubeba beseni si kushauriwa. Virginia Henderson, mwuguzi mashuhuri wa Marekani, alifundisha kwamba kazi ya mwuguzi ni kumsaidia mtu afanye yale ambayo angeyafanya mwenyewe kama angekuwa na nguvu, nia au maarifa, ili arudi kujitegemea upesi.

Mwuguzi aliyeelewa hivyo hamwulizi mzee, “Umeelewa?” kwa maana jibu lake lajulikana. Humsalimu “Chamgei” kwanza, hata kama ndilo neno pekee la Kikalenjin alijualo. Humketisha kando kidogo, amwambie habari ya mkojo kabla haujamtisha. Kisha humwuliza, “Mzee, nyumbani ng’ombe hukamuliwa saa ngapi?” Akijibiwa alfajiri, kabla ya chai, hapo wamepata saa ya dawa, kwa kuwa rifampisini hufanya kazi vizuri tumbo likiwa tupu. Mwisho husema, “Sasa nifundishe mimi, kana kwamba mimi ndiye mkeo. Utazimezaje?” Mzee akikosea, mwuguzi hasemi amekosea mzee, bali husema maelezo hayakutosha, akaanza upya. Na kama mgonjwa ni mwanamke, humwuliza faraghani kama anatumia vidonge vya kupanga uzazi, kwa sababu dawa hiyo huvipunguza nguvu.

Watasema wauguzi kwamba hawana nafasi. Ni kweli, foleni ni ndefu. Lakini maelezo hayo huchukua dakika chache, na mgonjwa aliyeacha dawa hurudi kuchukua miezi.

Wala hii si hisani tu. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 yamtaka mhudumu amweleze mgonjwa hali yake, matibabu yaliyopo, faida, hatari na gharama zake, na haki yake ya kukataa, tena, iwezekanapo, kwa lugha aielewayo. Kwa hiyo mgonjwa asiyejua Kiswahili vema aweza kuomba mkalimani, au kuja na mwanawe. Na siku ya kurudi hospitalini, yafaa achukue vidonge vyote vilivyobaki, pamoja na vile alivyoacha juu ya kabati, avionyeshe bila kuona haya, ili mwuguzi avihesabu na kuuliza ni kwa nini vilibaki.