Chuma Kipo, Michoro Je?

Kwenye Makumbusho ya Reli, Nairobi, kimesimama kichwa cha treni ya mvuke namba 5918, Mount Gelai. Vya aina yake viliundwa 34 huko Manchester katikati ya miaka ya 1950, vikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, vikavuta mizigo kutoka Mombasa kupanda bara. Vimesalia 2. Chuma, ukikipaka rangi na kukikinga mvua, kitakaa. Lakini michoro ya karakana, na ujuzi wa fundi aliyetambua hitilafu kwa kusikia mlio tu, nani anauandika? Chama cha wahandisi mitambo cha Marekani, ASME, tangu 1971 kinatambua rasmi mitambo ya kihistoria na kuchapisha maelezo yake. Vyama vyetu vya wahandisi vina uwezo huo. Vianze na wastaafu wa reli, tena mapema.