Bei ya Kuipenda Timu



Katika mchezo wa kandanda kila mtu ana wa kumsemea. Wachezaji husifiwa na kulaumiwa, makocha huajiriwa na kufukuzwa, na waamuzi husemwa kila Jumapili jioni. Lakini mtu aliyesimama nyuma ya kamba, akinyeshewa mvua au akichomwa jua, akiimba mpaka sauti ikamkauka, huyo hutajwa siku moja tu, nayo ni siku ya fujo. Mazungumzo ya leo yanamhusu yeye, na hasa fedha zinazomtoka mfukoni ili aendelee kuitwa mshabiki.

Watu wengi hudhani kwamba gharama ya mshabiki ni tikiti. Hapo ndipo hesabu inapopotoka tangu mwanzo. Uchukuliwe mfano wa mvuvi wa Rumonge, mji wa mawese na samaki ulioko kilomita 75 hivi kusini mwa Bujumbura, kwa barabara ile ya RN3 inayokwenda sambamba na ufuko wa Ziwa Tanganyika. Mji huo ulikuwa makao makuu ya mkoa wake tangu mwaka 2015 hadi mageuzi ya mwaka 2025 yalipouingiza katika mkoa wa Burunga, na umekuwa na timu yake, Rumonge City, iliyopata kucheza katika Ligue A, ambayo ndiyo ligi kuu ya nchi. Timu ikicheza nyumbani, mvuvi huyo huenda uwanjani kwa miguu, na gharama yake ni tikiti na karanga. Lakini nusu ya mechi za ligi yoyote duniani huchezwa ugenini. Kuifuata timu Bujumbura ni safari moja. Kuifuata Gitega, Ngozi au Muyinga ni safari nyingine kabisa, yenye nauli ya kwenda na kurudi, chakula cha njiani, na mara nyingi mahali pa kulala, kwa kuwa mpira unaokwisha jioni haumrudishi mtu wa Rumonge nyumbani siku ileile.

Tena kuna gharama isiyoandikwa kwenye karatasi yoyote. Ndagala huvuliwa usiku kwa taa, na taa haziwavuti samaki vizuri mwezi unapong'aa. Kwa hiyo fedha za mvuvi hupatikana katika usiku wa giza, na usiku wa mbalamwezi nyavu hutundikwa zikauke. Mechi ya ugenini ikiangukia katika siku za giza, anayekwenda kushangilia huacha mtumbwi uingie ziwani bila yeye, na mgawo wa usiku ule humpita. Mabao mawili ya timu yake hayawezi kumrudishia. Wapangaji wa ratiba za ligi hutazama kalenda ya mashirikisho na kalenda ya viwanja. Kalenda ya mwezi wa angani hawaitazami, na pengine hawalaumiki, lakini mvuvi huitazama kila siku.

Hayo yalikuwapo tangu zamani. Kilichobadilika katika miaka hii ni barabara. Mwezi wa Mei mwaka 2022 bei rasmi ya lita moja ya petroli nchini Burundi ilipandishwa kutoka faranga 2,700 hadi 3,250, na baadaye ikafika 4,000. Hiyo ni bei ya kituoni, na ina maana pale tu kituo kinapokuwa na petroli. Katika miaka hiyo magari yalipanga foleni siku nzima, na mara nyingine usiku kucha, na mwenye haraka alinunua kwa magendo kwa bei isiyofanana hata kidogo na ile rasmi. Dereva aliyeipata petroli yake kwa njia hiyo hakuwa na sababu ya kumhurumia abiria kwa kuwa amevaa jezi. Kisha mwezi wa Mei mwaka 2023 Benki ya Jamhuri ya Burundi iliishusha thamani ya faranga, hata dola moja iliyokuwa ikibadilishwa rasmi kwa faranga zaidi kidogo ya 2,000 ikawa inadai zaidi ya 2,800. Jezi, viatu, mipira, betri za redio, vyote hivyo hutoka nje ya nchi, na vyote vilifuata dola. Mshahara wa mwalimu, wa karani na wa askari haukuifuata kwa mwendo huohuo.

Mtu atauliza: kama ni ghali, kwa nini asikae nyumbani? Swali hilo huulizwa na mtu ambaye hajapata kuwa na timu. Kwa kijana wa ufuko wa ziwa, asiye na klabu ya matajiri wala ukumbi wa starehe, timu ya mji ni jina lake mbele ya watu wa miji mingine. Akiikosa, amekosa kitu ambacho fedha ileile isingeweza kumnunulia mahali pengine. Ndiyo maana haachi kwenda. Hubadilisha namna ya kwenda. Aliyekuwa akipanda basi hupanda nyuma ya lori lililopakia mawese. Waliokuwa watano katika Probox huwa tisa. Na barabara yenyewe ni ile ya RN3, ambayo mwezi wa Machi mwaka 2015 ilifunikwa na maporomoko ya udongo pale Gitaza, na ambayo mwaka 2024 ilitishiwa na maji ya ziwa yaliyopanda kupita kiasi. Gharama ya ushabiki ikipanda, kinachopunguzwa kwanza ni usalama, kwa sababu usalama hautozwi fedha taslimu siku ile.

Askari wa barabarani analifahamu jambo hili kuliko mwandishi yeyote wa michezo. Yeye ndiye anayesimamisha gari lililojaa vijana wenye ngoma na bendera, wakitaka kuwahi mpira.

Liko na jambo la pili lililouweka uwanja mbali zaidi na mshabiki. Tarehe 23 Machi mwaka 2019, Bujumbura, Intamba mu Rugamba ilitoka sare ya 1-1 na Gabon, na Burundi ikafuzu kwa mara ya kwanza kwenda fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika, zilizofanyika Misri mwaka huohuo. Mtu wa Rumonge aliweza kuishuhudia siku ile kwa safari ya saa chache. Baada ya hapo Shirikisho la Kandanda la Afrika likaona kwamba uwanja wa Bujumbura haukutimiza masharti yake, na mechi za nyumbani zikaanza kuchezwa ugenini. Cameroon ilipokuja kucheza na Burundi mwezi wa Juni mwaka 2022, ilikuja Dar es Salaam. Mwezi wa Agosti mwaka 2024 Vital'O, bingwa wa Burundi, ilipangiwa Young Africans katika Ligi ya Mabingwa wa Afrika; mechi zote mbili, ya nyumbani na ya ugenini, zilichezwa Dar es Salaam, na Vital'O ikatoka kwa mabao 10 kwa bila. Klabu hiyohiyo mwaka 1992 ilifika fainali ya Kombe la Washindi la Afrika, na Africa Sports ya Abidjan ilipokuja Bujumbura haikuondoka na ushindi: mpira ulikwisha 1-1. Siyo haki kusema kwamba tofauti yote ya miaka hiyo imeletwa na kukosekana kwa washabiki. Timu yenyewe nayo ina lake. Lakini kutoka Rumonge hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000, na hakuna mvuvi anayeweza kuzilipia kwa mgawo wa ndagala.

Hivyo mshabiki aliyefungiwa njia hugeukia kibanda cha kuonyeshea mpira. Huko huwakuta Arsenal na Real Madrid, kwa faranga chache, chini ya bati. Nafuu hiyo nayo ina mashaka yake: umeme ukikatika, jenereta hunywa petroli ileile iliyowashinda wenye magari, na kiingilio hupanda. Isitoshe, faranga zinazoingia kibandani haziendi kununua hata mpira mmoja wa timu ya mji.

Burundi haiko peke yake. Marekani wana mchezo wao wanaouita pia mpira wa miguu, ingawa wanaucheza zaidi kwa mikono na kwa kofia ngumu, na timu za vyuo vikuu hupendwa sana. Chuo Kikuu cha Michigan kina uwanja wenye viti zaidi ya 107,000. Kwa miaka mingi wanafunzi wale walicheza bila mshahara. Tangu tarehe 1 Julai mwaka 2025, kufuatia mapatano yaliyoidhinishwa na mahakama, kila chuo kinaruhusiwa kugawana fedha na wanamichezo wake, na kikomo cha mwaka wa kwanza kilikuwa dola milioni 20.5. Ni haki yao, kwa kuwa jasho ni lao. Lakini fedha zitoke wapi? Chuo Kikuu cha Tennessee hakikusubiri hata mapatano hayo yaidhinishwe. Mwezi wa Septemba mwaka 2024 kiliwatangazia wenye tikiti za msimu kwamba kuanzia mwaka 2025 wataongezewa asilimia 10 kwa ajili ya wachezaji, juu ya nyongeza nyingine ya kawaida. Kumbe hata kwenye utajiri ule, hesabu iliposhindikana, wa kwanza kutazamwa alikuwa mshabiki. Tofauti ni kwamba yeye aliambiwa kwa barua na akaonyeshwa kiasi. Wa Rumonge huambiwa na kondakta.

Sasa yafaa kuyageukia majeshi yenyewe, kwa kuwa katika Afrika ya Mashariki majeshi ni wenye timu. Burundi ina Rukinzo ya Polisi. Rwanda ina APR ya Jeshi. Ng'ambo ya ziwa, Kigoma, iko Mashujaa, timu ya Jeshi la Wananchi wa Tanzania, iliyopanda Ligi Kuu katika msimu wa 2023/24 na kuufanya uwanja wa Lake Tanganyika uwe na shughuli. Kenya, Ulinzi Stars imechukua ubingwa mara nne, na msimu wa 2024/25 ubingwa ukaenda kwa Polisi kwa mara ya kwanza. Timu hizi zina mshahara, usafiri na kambi. Kitu zinachopungukiwa mara nyingi ni watu jukwaani, na watu hawapatikani kwa amri. Anayetoka mtaani kuja kuishangilia timu ya askari amekuja kwa hiari na kwa nauli yake.

Na hapo ndipo penye jambo ambalo ni vyema lisemwe waziwazi. Katika viwanja vingi vya kanda hii, mtu mwenye sare hupita mlangoni bila tikiti. Aliye zamu hana budi kupita. Yuko kazini, na wengine wote wako salama kwa ajili yake. Lakini asiye zamu, aliyevaa sare ili apite, na nyuma yake wapo shemeji na rafiki wawili, huyo ameingiza watu wanne kwa bei ya wasioingia. Klabu ndogo kama ya Rumonge haina hazina ya kuziba pengo hilo. Italiziba kwa kupandisha kiingilio mechi ijayo, na atakayelipa ni yule mvuvi.

Mlangoni palepale pana hatari kubwa zaidi. Tarehe 24 Januari mwaka 2022, mjini Yaoundé, watu 8 walikufa katika msongamano kwenye lango la uwanja wa Olembe, lango ambalo lilikuwa limefungwa. Tarehe 1 Oktoba mwaka huohuo, Malang nchini Indonesia, polisi walirusha mabomu ya machozi uwanjani Kanjuruhan; watu wakakimbilia milango myembamba, wakafa 135. Tarehe 1 Desemba mwaka 2024 yakatokea karibu yaleyale N'Zérékoré nchini Guinea, na serikali ikatangaza vifo 56. Kanuni za usalama za FIFA haziruhusu gesi ya kutawanyia watu ndani ya uwanja, na sababu yake si ngumu kuelewa: uwanjani hakuna pa kutawanyikia. Waliofia kwenye milango ile wengi wao hawakuwa wahuni. Walikuwa watu waliojibana kupata nauli, wakachelewa njiani, wakafika na hofu ya kukosa walichokwisha kukilipia. Mtu wa namna hiyo husukuma. Askari anayejua alivyofika huufungua mlango wa pili mapema, huwapanga watu mbali na lango, na huwaambia kwa sauti kama nafasi imekwisha, kabla hawajawa wengi.

Yako mambo madogo yasiyohitaji mkopo wa Benki ya Dunia. Mechi ya Jumamosi ikianza saa nane badala ya saa kumi, mtu wa Rumonge aliyekwenda Bujumbura atalala kwake. Chama cha washabiki kikichanga tangu mwanzo wa msimu, kama kina mama wa soko la samaki wanavyochanga na kupokezana, kitakodi basi moja zima kwa bei ya jumla na kulipa kabla petroli haijapanda tena. Klabu mbili zikikubaliana kutenga tikiti za bei nafuu kwa wageni, kila moja itapata faida siku ya kusafiri. Na kambi yenye timu ya ligi, ikiwa na lori linalokwenda tupu kuwachukua wachezaji, inaweza kuangalia kama sheria zake zinaruhusu lirudi na washabiki wa mji ule, wakiwa wameketi, wamehesabiwa, na taa za nyuma zinawaka.