Kinywa Hutangulia Ngozi: Mhadhara wa Umma, Kampala



Kwanza lugha. Mihadhara ya namna hii hapa Kampala husomwa kwa Kiingereza, na baadhi yenu mmekuja mkitarajia hivyo. Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi ya Uganda. Sijaona wengi wakiuchukulia uamuzi huo kwa uzito. Mimi leo nauchukulia.

Sasa niseme kilichonichokoza. Katika mkutano mmoja wa kupitia mitaala, mwenzetu mmoja, msomi ninayemheshimu, alipendekeza saa za kufundisha uchunguzi wa kinywa zipunguzwe. Hoja yake ilikuwa fupi na ilipigiwa makofi. Dalili za kinywani, alisema, hazitenganishi ugonjwa na ugonjwa, kwa kuwa karibu kila homa yenye vipele huacha kitu mdomoni. Daktari wa zamani alitazama ulimi kwa sababu hakuwa na kingine cha kutazama. Leo tuna mashine za vinasaba zinazojibu kwa saa chache. Tuchukue sampuli, mgonjwa afumbe mdomo wake. Kisha akamalizia kwa kutukumbusha kwamba Uganda tayari ina watu wanaosoma magonjwa vinywani mwa watoto, na sote tunajua wanachokifanya kwa spoki ya baiskeli. Ukumbi ulicheka. Mimi nilikwenda nyumbani nikaanza kuandika.

Misingi naipita haraka. Mnajua kwamba utando laini wa kinywa, koo, macho na sehemu za siri hauna lile tabaka gumu la ngozi, na kwa hiyo malengelenge yake hupasuka upesi yakabaki vidonda. Mnaijua orodha: surua, tetekuwanga, ndui ya zamani, mpox, kaswende, dondakoo, utando mweupe wa fangasi kwa mwenye Ukimwi. Mnajua pia kwamba tumbili waliopeleka ugonjwa Marburg mwaka 1967 walitoka kwetu, na kwamba madaktari wa Ujerumani waliona wekundu mkali wa kaakaa za wagonjwa wao kabla hawajajua wanapambana na kirusi gani. Hayo yamo vitabuni.

Kosa la kwanza la mwenzangu ni kudhani mashine huanza kazi yenyewe. Mashine hujibu swali lililoulizwa, na anayeuliza ni mtu aliyeketi mbele ya mgonjwa. Tarehe 20 Septemba 2022 Wizara ya Afya ilipotangaza kwamba Ebola ya aina ya Sudan imezuka Mubende, mgonjwa wa kwanza kuthibitishwa alikuwa ameshapita katika kliniki mbili za binafsi, kisha hospitali ya rufaa ya mkoa. Miongoni mwa dalili zake zilizoorodheshwa zilikuwa maumivu ya kumeza na damu machoni. Maabara ya virusi iliyoko Entebbe haikukawia. Sampuli ilipofika, jibu lilitoka. Siku zilizopotea zilipotea kabla ya sampuli. Sidai kwamba koo linalouma lingemzindua mhudumu wa kliniki, maana koo huuma kwa mambo mia, na damu ya Ebola huwatoka baadhi tu ya wagonjwa, tena mara nyingi wakiwa wamechelewa. Nadai kwamba bila mtu kutazama na kushuku hakuna sampuli inayopanda gari kwenda Entebbe. Mlipuko ulipotangazwa kwisha tarehe 11 Januari 2023, waliothibitishwa walikuwa 142, na 55 kati yao walikuwa wamekufa.

Mfano wa pili ni wa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali ya Merca huko Somalia, mtu wa mwisho duniani kuugua ndui iliyoenea yenyewe kutoka mtu hadi mtu. Hiyo ni Oktoba 1977, timu za kutokomeza ndui zikiwa bado nchini humo zikimsaka kila mgonjwa. Kwanza alitibiwa malaria. Vipele vilipotoka akaambiwa ni tetekuwanga. Kwa kawaida ndui ilianzia kwenye ulimi na kaakaa, takriban siku moja kabla ya ngozi. Vipele hivyo vya kinywani vilipasuka na kumwaga virusi kwenye mate, na maambukizi yakaanzia hapo, wakati kwa nje mgonjwa alionekana ana homa tu.

Lakini nguzo ya mhadhara huu ni surua, na mtu wake ni Henry Koplik.

Koplik alikuwa daktari wa watoto wa New York, mhudumu wa wahamiaji maskini waliosongamana katika nyumba za kupanga. Desemba 1896 alichapisha katika Archives of Pediatrics makala ambayo nimeisoma mara nyingi kuliko makala zangu mwenyewe. Haina majedwali. Ina jicho. Anaeleza doa dogo jekundu lisilo na umbo maalumu, na katikati yake chembe nyeupe inayoelekea buluu. Anasema mahali pa kutazama, yaani upande wa ndani wa shavu na wa mdomo. Anasema hali ya mwanga: mwanga mkali wa mchana. Kisha anaeleza mwendo wa mambo, na hapa ndipo ninapompenda. Madoa hutangulia, yanaongezeka, na vipele vya ngozi vinapofikia kilele, ya kinywani yameshaanza kufifia. Daktari anayesubiri ngozi hufika hali ushahidi unatoweka. Warusi hudai, kwa haki yao, kwamba daktari wao Filatov aliyaeleza mwaka uliotangulia, na Wadenmaki wana Flindt wao. Nawaachia ugomvi huo. Koplik ndiye aliyeona faida yake. Alitaka mtoto atengwe kabla hajawagawia wenzake, na leo tunajua kwamba mwenye surua huambukiza tangu siku nne kabla ya vipele vya ngozi. Madoa hutokea siku moja, mbili, pengine tatu kabla ya vipele hivyo. Hilo ndilo dirisha pekee tulilopewa.

Mwenzangu atasema kipimo cha damu kitatuambia. Kipimo gani, na lini? Kingamwili tunazozitafuta huchelewa. Katika siku tatu za kwanza za vipele jibu laweza kutoka hasi na mtoto ana surua kamili. Siku mbili kabla ya vipele kipimo hicho hakina la kusema. Kipimo cha vinasaba kingeweza, naam, lakini nani atamwagizia kipimo cha vinasaba mtoto mwenye mafua, kikohozi na macho mekundu, katika kituo cha afya cha ngazi ya tatu ambako hata kijiti cha kubonyezea ulimi hakipo?

Kuna jambo jingine, na nashangaa jinsi linavyosemwa kwa nadra. Vitabu tulivyosomeshwa vinasema vipele vya surua ni vyekundu, huanzia nyuma ya masikio na kushuka. Vyekundu kwenye ngozi ya nani? Kwenye ngozi nyeusi wekundu huzama. Kinachobaki ni weusi uliozidi kidogo, na mkwaruzo ambao mama huuhisi kwa kiganja anapomwogesha mtoto, mara nyingi kabla ya daktari kuuona. David Morley, aliyetibu watoto Ilesha, Nigeria, alieleza ngozi inayoiva rangi, ikawa nyeusi kisha ikabambuka, na vidonda vya kinywa vilivyomfanya mtoto akatae ziwa. Ndani ya shavu tofauti hiyo ya ngozi hupungua sana. Fizi zetu zina mabaka meusi ya kawaida, na mashavu ya ndani pia wakati mwingine, lakini wekundu wa utando huonekana pale ambapo wa ngozi umejificha. Kwa hiyo dalili ambayo New York iliweza kuiona kama nyongeza, kwetu ndiyo ya mbele. Kama kuna mji duniani usio na haki ya kupunguza saa za kinywa, mji huo ni huu.

Haya sikuyapata kitabuni. Nilipokuwa daktari kijana katika hospitali moja ya misheni mashariki mwa nchi, wodi ya watoto ilishikwa na muuguzi mtu mzima ambaye wote tulimwita Sista. Asubuhi moja nilikuwa nimeinamia mtoto mwenye homa, nikammulika mdomoni kwa tochi, nikasema koo jekundu, basi. Sista alinigusa bega.

"Dokta, mlete mlangoni."

"Tochi ninayo, Sista."

"Hiyo tochi inameza. Mlete kwenye jua."

Mama akakaa kizingitini, akamfunga mtoto mikono kwa kitenge na kukilaza kichwa chake kifuani. Sista alivaa glavu, akachukua kijiko cha uji, akakigeuza, na kwa mpini wake akalisukuma shavu nje taratibu. Mkabala na magego, kwenye utando uliovimba na kuwa mwekundu, palikuwa na chembe nyeupe kama chumvi iliyonyunyizwa. Alizipangusa kwa kitambaa chenye maji. Hazikutoka. Mtoto akapelekwa chumba cha peke yake. Ngozi yake ilikuwa safi kabisa. Vipele vilitoka baada ya hapo.

Tangu siku hiyo nimeshikilia kwamba mchana hauna mbadala. Vijana wanaojua taa wananiambia taa za simu za leo ni nyeupe, zina nguvu kuliko tochi za wakati ule, na baadhi ya madoa niliyoonyeshwa kwa simu yalionekana vizuri. Nimewasikiliza. Bado nasema mlete mlangoni. Mwanga wa simu hugonga mate ukarudi machoni, na chembe nyeupe hupotea katika mng'ao huo.

Upande wa pili una hoja na nisizifiche. Si kila mwenye surua huonekana na madoa hayo, nayo hudumu kwa muda mfupi. Vijitezi vya mafuta vya kawaida ndani ya shavu humdanganya mgeni. Hata maziwa yaliyoganda humdanganya. Tetekuwanga na mpox zote huweka vidonda kinywani, na kuanzia Agosti 2024, mpox ilipotangazwa kuingia kwetu kupitia Kasese, hakuna aliyeweza kuzitenganisha kwa kutazama kaakaa pekee. Hapo maabara ndiyo mwamuzi, na sina ugomvi nayo. Ila maabara haikutuambia ni nani hawezi kumeza maji.

Ukali wa ugonjwa ni habari nyingine ambayo kinywa hutoa bure. Mwongozo wa kutunza watoto wagonjwa, ule ambao kila muuguzi wa kituo cha afya ameufunzwa, humtaka atazame kinywa cha mwenye surua: vidonda vikiwa na kina kirefu au vimesambaa, huyo hana surua nyepesi, apewe vitamini A na apelekwe hospitali. Vivyo hivyo kwa Ukimwi. Wataalamu walipokutana Bangui Oktoba 1985 kutafuta namna ya kuutambua ugonjwa ambao watu wa Rakai walikuwa wakiuita siliimu, katika nchi zisizo na vipimo, waliweka utando mweupe wa kinywa na koo kati ya dalili ndogo. Leo utando huo, kwa mtu mzima anayeishi na virusi, humweka katika hatua ya 3 ya ugonjwa, yaani kinga imeshuka vibaya, hata siku ambayo mashine ya kuhesabu CD4 imekufa. Mtaniuliza mbona simtaji Denis Burkitt, aliyeandika mwaka 1958 juu ya taya za watoto wa hapa Hospitali ya Mulago. Uvimbe si vipele. Lakini kirusi kilichogunduliwa mwaka 1964 katika seli za uvimbe ule ndicho kinachochora mistari myeupe pembeni mwa ulimi wa mwenye Ukimwi.

Nirudi kwenye spoki, maana ukumbi ulicheka. Mtoto ana homa na kuhara. Fizi zimevimba pale chonge za utotoni zinapojiandaa kuota. Jirani anasema ni ebiino, meno ya uongo yanayodaiwa kuleta homa, na mtaalamu wa mtaa anazichimbua kwa spoki au kisu. Jens Pindborg, Mdenmaki aliyebobea katika magonjwa ya kinywa, aliandika juu ya ung'oaji huo miongoni mwa Waacholi mwaka 1969. Watoto hutoka damu, huoza taya, hupata pepopunda, wengine hufa, na kuhara kulikowaleta bado kunaendelea. Mwenzangu anaona hapo ushahidi kwamba kinywa kisisomwe. Mimi naona mama aliyekwenda kituoni, mtoto akapimwa malaria kidoleni, akapewa dawa, na hakuna aliyemfungua mdomo. Mama mwenyewe alikuwa ameziona zile fizi. Aliporudi nyumbani na swali lake halijajibiwa, yupo mtu mtaani aliyekuwa tayari kumjibu. Muuguzi anayemwonyesha mama, kwa kidole, kwamba huo weupe ni jino linalokuja, kisha akampa maji ya chumvi na sukari na zinki, ndiye anayeshindana na spoki. Bango la ukutani halishindani nayo.

Kwa hiyo naiomba kamati ya mitaala isipunguze saa hizo, izihamishe. Wanafunzi wa mwaka wa tatu waanze na vinywa vya watoto wazima katika shule za msingi, wayajue mabaka meusi ya fizi na vijitezi vya mafuta kabla hawajaonyeshwa ugonjwa. Katika mtihani wa vitendo pawekwe kituo kimoja chenye mtoto, mama, glavu, kijiko na mlango ulio wazi, na mtahiniwa apewe alama kwa jinsi anavyomwomba mama ruhusa na mahali anapochagua kusimama. Mkuu wa idara ameniuliza tutapata wapi muda. Darasa la Jumatano asubuhi linaishia saa nne, na kutoka saa nne hadi saa sita jua la Mulago linaingia wodini kwa upande wa mashariki.